Madirisha ya Jumanne

Kazini walimwita Mapigo, ingawa hata nzi hakuwahi kumpiga. Jina lilimwandama kwa sababu ya kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia, ambacho hakikujua kutulia. Akiongea nawe, kinagonga meza. Akila, kinagonga ukingo wa sahani. Akisubiri zamu yake kwa kinyozi, kinagonga goti. Popote palipokuwa na muziki, hata ule wa kuvizia unaopenya kutoka kwa jirani, kidole cha yule bwana kilikuwa kinahesabu.

Na kuhesabu ndiyo ilikuwa kazi iliyomweka mjini. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mtunza maktaba ya muziki katika kituo cha redio, katika chumba cha ghorofa ya chini kisicho na dirisha, chenye rafu za chuma kutoka sakafuni hadi darini na kiyoyozi kilichomfanya avae sweta mwaka mzima. Kila kanda, kila santuri, na baadaye kila sidi iliyoingia katika jengo lile ilipita kwanza masikioni mwake. Akishasikiliza, aliijazia kadi. Kadi ilikuwa na mistari mingi, lakini mitatu ndiyo aliyoijaza kwa mwandiko mzuri: Mwendo, Ufunguo, Hali. Mwendo ni mapigo mangapi kwa dakika. Ufunguo ni noti ipi ambayo wimbo umeifanya kwao, unakotoka na unakorudi. Hali ni neno moja au mawili ya kumwambia mtangazaji kama wimbo huo utafaa asubuhi watu wanapokunywa chai, au siku bendera imeshushwa nusu mlingoti.

Watangazaji waliziamini kadi zake kufa na kupona. Kulikuwa na kijana mmoja mjuaji aliyewahi kupuuza kadi iliyoandikwa "huzuni", akaupiga wimbo ule kwenye salamu za maharusi. Bibi harusi alilia hewani, mama mkwe akalia, na kijana mwenyewe akahamishiwa idara ya taarifa za mifugo. Tangu siku hiyo hakuna aliyebishana na Mapigo.

Masikio yake yalikuwa kipaji, na kama vipaji vingi, hayakuwa na kufuli. Alijua friji ya kantini inaguguma kwenye noti gani. Alijua lifti imeanza kuchoka kabla mafundi hawajajua. Noti iliyoshuka ilimkera kama picha iliyopinda ukutani inavyomkera mtu nadhifu, ambaye mkono wake huenda wenyewe kuinyoosha.

Nyumbani aliitwa Baba Mapacha, na mkewe Mama Mapacha. Mabinti wao wawili walikuwa wamekua na kuondoka, mmoja daktari wa mifugo, mwingine mhasibu, kila mmoja katika mji wake. Mama Mapacha alikuwa fundi mapazia. Chumba cha mabinti alikigeuza karakana, akaweka meza ndefu ya kukatia, cherehani mbili, na vitambaa vilivyokunjwa kama vitabu. Kila Jumanne na kila Jumamosi mchana alijitundika utepe wa kupimia shingoni na kutoka kwenda kupima madirisha ya wateja. Alirudi jua likizama, amechoka lakini uso umemnawiri.

"Madirisha yalikuwaje?" mumewe humuuliza.

"Marefu," hujibu.

Huo ulikuwa utani wao wa miaka nenda miaka rudi, na Mapigo aliupenda, kama mtu anavyopenda kiatu kilichokwisha kuuzoea mguu.

Walikutana kwenye kwaya. Yeye alipiga kinanda, binti yule aliimba sauti ya pili, ile ya chini ya wanawake, nzito na yenye joto. Wakaoana. Miaka ikaenda. Kisha ikaja ile bahati mbaya ambayo Mapigo alipenda kuisimulia kwa sauti ya chini, mkewe akiwa hayupo: baada ya kumzika mama yake mzazi, Mama Mapacha alipatwa na maradhi ya koo. Daktari alikuta vinundu kwenye nyuzi za sauti. Kuongea aliweza, kuimba basi tena.

"Mke wangu alinyang'anywa sauti," Mapigo huwaambia watu, na machozi humlengalenga kweli kweli.

Alimuuguza kama yai. Kwa miezi saba, kabla hajaenda kazini, alimchemshia tangawizi, akaikamulia limau, akaitia asali, akamsimamia mpaka amalize kikombe. Tena alifanya jambo jingine ambalo hakumweleza mtu. Aliacha kinanda. Aliona ni ukatili kukaa pale kila Jumapili akizipiga nyimbo ambazo mkewe ameketi kwenye benchi hawezi kuziitikia. Aliwarudishia wazee wa kanisa ufunguo wa kinanda na kusema mgongo unamsumbua. Walimbembeleza mwaka mzima. Mgongo, alisema, mgongo. Na kwa miaka kumi na tisa hakugusa tena kinanda.

Sasa, asubuhi ya Alhamisi moja, Fundi Mitambo alishuka maktaba. Huyu alikuwa mama wa makamo, mpana wa mabega na mwenye kicheko cha kutikisa rafu, na ndiye aliyesimamia kurekodi nje ya kituo. Mwaka ule redio ilikuwa imeweka programu ya kompyuta iliyojaza yenyewe mwendo, ufunguo na hali, na Fundi Mitambo hakukosa raha ya kumchokoza mzee wa kadi.

"Baba, shikamoo. Nimekuletea muziki wa ibada wa watu wa kale, wa miaka kama mia tatu hivi. Kwaya ya hapa hapa mjini, na fidla na kila kitu. Utapigwa alasiri, si Jumapili hii, ile nyingine. Mashine imeshaujaza kwa sekunde nne tu, ila nimeona nikuonyeshe, usije ukakosa usingizi."

"Marahaba. Imesemaje hiyo mashine yako?"

Fundi Mitambo alisoma kwenye karatasi. "Mwendo, mia moja na kumi na sita. Ufunguo, C shapu maina. Hali, changamfu."

"Changamfu?"

"Changamfu, baba. Kama tangazo la soda."

Mapigo alivaa hedifoni, akachomeka flashi, akafumba macho. Hazikupita sekunde kumi akaanza kucheka kimoyomoyo. Selo, ile fidla kubwa inayoshikwa katikati ya magoti, ilikuwa inatembea hatua ndogo ndogo chini ya muziki, mbili kwa kila pigo, na mashine ilikuwa imehesabu hatua badala ya pigo.

"Imehesabu miguu ya kuku badala ya kuku," alisema, akiitoa hedifoni sikio moja. "Gawa kwa mbili. Hamsini na nane. Huu wimbo unatembea kama mtu aliyebeba maji mpaka ukingoni. Na huo ufunguo nao siyo. Hii ni D maina, ufunguo wa huzuni kabisa, ila wamefunga vyombo chini, karibu nusu hatua, kama walivyofunga wa zamani. Mashine inasikia noti iko juu au chini kiasi gani, haijui mlango walioingilia."

"Haya, mwalimu. Na hali?"

"Subiri waimbe kwanza."

Alirudisha hedifoni. Kidole kikagonga, hamsini na nane, hamsini na nane. Fidla zikapanda, zikagongana kidogo kwa makusudi kama mabega ya watu mlangoni, zikatulia. Kisha, kabla ya neno la kwanza, mwimbaji akavuta pumzi.

Alivuta mara mbili. Funda dogo, halafu funda kubwa.

Kidole kilisimama.

Alikuwa amelala kando ya pumzi ile maelfu ya siku. Aliisikia kila mkewe alipotunga uzi kwenye sindano, kila aliponyanyua jora la kitambaa, funda dogo, halafu kubwa. Sauti ilipoingia, nzito na yenye joto, ikiomba kwa Kilatini kwamba Mungu asimfiche uso wake, haikumwongezea ujuzi wowote. Alikwisha kujua. Ilikuwa imekomaa, imejaa hapa na pale na kukwaruza kidogo kwenye kingo, kama mbao iliyokauka vizuri. Ilikuwa nzuri kuliko alivyoikumbuka, na hilo ndilo lililomkata maini.

"Baba, mzima?" Fundi Mitambo alimshika bega. "Umebadilika rangi."

"Hii imerekodiwa lini?"

"Mwezi uliopita. Jumanne mbili na Jumamosi moja. Nilikuwepo mwenyewe, nimeweka maikrofoni kwa mikono yangu. Huyo mama wa sauti ya pili, nakwambia, nilijisahau nikaacha kutazama mitambo. Tena mcheshi huyo! Aliniambia yuko na kwaya hiyo mwaka wa kumi na moja sasa. Unamjua?"

Mapigo alitazama karatasi ya majina. Kwenye mstari wa sauti ya pili liliandikwa jina la mkewe na la ukoo wa baba yake, lile aliloliweka kando siku ya ndoa.

"Simjui," alisema. Na alipolisikia neno lile likitoka, aliona halikuwa uongo.

Hakusema kitu siku ile. Hakusema Ijumaa. Jumamosi mkewe alijitundika utepe shingoni, akatoka, akarudi. Mapigo akauliza madirisha yalikuwaje, akajibiwa kama siku zote. Alikuwa anapima sasa, kwa kuwa kupima ndiko alikojua. Miaka kumi na mmoja, mara mbili kwa wiki. Aliacha kupiga hesabu alipofika elfu moja na ushei, maana kila moja ya zile mara ilikuwa na swali lake na jibu lake, na yeye amesimama jikoni akitabasamu kama bwege.

Jumanne aliomba ruhusa kazini. Mkewe alipotoka alimwacha atangulie, kisha akamfuata kwa mbali, akijiona kama mwizi katika mtaa wake mwenyewe. Mama Mapacha alipita maduka mawili ya vitambaa bila kugeuza shingo, akakata kona, akaingia kwenye ukumbi ulio nyuma ya chuo cha ufundi. Mapigo aliingia kwa mlango wa pembeni. Kulikuwa na korido iliyonuka vanishi, na viti vya plastiki vilivyobebanishwa mpaka usawa wa kidevu chake. Alisimama nyuma ya viti.

Ndani kwaya ilikuwa inaimba wimbo mwingine, wa furaha. Mwalimu wa kwaya akawasimamisha. "Mama mkubwa, hapo umechelewa."

"Sijachelewa," ilisema sauti ya mkewe. "Nyie mmewahi. Mimi nilikuwa nimebeba wimbo mgongoni, ninyi mnakimbia mikono mitupu."

Watu wakaangua kicheko, na yeye akacheka kuliko wote, kicheko cha kifuani kilichopanda ngazi tatu na kuteleza kurudi chini. Mapigo alishika ukingo wa kiti. Kuimba alikuwa amejiandaa kukusikia. Kicheko kile hakikuwa kwenye hesabu zake. Nyumbani mkewe alicheka kwa midomo.

Mlango wa ukumbi ukafunguka, akatoka mwanamke mwenye chupa tupu ya maji mkononi. Alikuwa dada yake Mapigo, kitinda mimba wa mama yao, ambaye Mapigo mwenyewe alimlea kwa kumbeba mgongoni.

Chupa ilimponyoka.

"Kaka."

"Na wewe umo?"

"Kaka, ngoja..."

"Nakuuliza. Na wewe umo?"

"Mwaka wa sita." Alitazama sakafu. "Naimba sauti ya kwanza. Si kwamba najua sana."

"Mabinti zangu wanajua?"

Dada aliinama kuokota chupa, na Mapigo akaelewa, ila alitaka lisemwe. "Nakuuliza kuhusu mapacha."

"Walikuja kwenye onyesho mwaka juzi. Walikaa mstari wa mbele."

Aliikumbuka safari ile. Waliwasili na mashada ya maua, wakamwambia ni ya rafiki yao aliyejifungua, na yeye ndiye aliyeyaweka kwenye ndoo ya maji yasinyauke.

"Kwa hiyo mlikuwa mnanicheka. Familia nzima."

"Hatukuwahi kukucheka, kaka. Wallahi. Tulikuwa tunakuogopa."

"Mimi? Nimempiga nani? Nimemfokea nani?"

"Hujamfokea mtu. Wewe unasikia tu, halafu unasema." Machozi yalimtoka. "Unajua kwa nini mimi sikuwahi kuimba nyumbani tangu niko mdogo?"

Alimpa mgongo akatoka kwa mlango alioingilia, na njia nzima hakugonga kitu chochote kwa kidole.

Mama Mapacha alirudi nyumbani mapema, jua bado kali. Alimkuta mumewe ameketi karakana, kwenye kigoda cha mbele ya meza ya kukatia. Mkewe alikuwa bado na utepe shingoni. Aliuvua, akauzungusha taratibu kwenye vidole, akauweka mezani.

"Wifi ameniambia," alisema. "Kwamba ulikuja."

"Koo lako ni zima."

"Ni zima."

"Tangu lini?"

"Daktari aliniambia nilinyamazishe wiki mbili. Wiki ya tatu vinundu vilikuwa vimeondoka." Alivuta kiti akaketi ng'ambo ya meza. "Mimi nikazivuta zile wiki mbili, zikawa miaka kumi na tisa. Minane ya kwanza nilinyamaza kweli. Baadaye ikanishinda."

"Nilikuchemshia tangawizi miezi saba."

"Najua."

"Unainywa, na unajua huumwi."

"Niliinywa, Baba Mapacha. Yote. Na ilikuwa kali, ulikuwa unaitia tangawizi kama unataka kuwasha mkaa."

Kicheko kilitaka kumtoka, na kule kutaka kucheka ndiko kulikompandisha hasira. "Niliacha kinanda kwa ajili yako!"

Mkewe alinyanyua uso. "Ulisema ni mgongo."

"Nilisema mgongo ili usijisikie vibaya!"

"Basi hata wewe..."

"Usifananishe!" Alipiga meza kwa kiganja. Kikopo cha pini kiliruka, pini zikatawanyika juu ya kitambaa cha mteja. Wote wawili walizitazama. Hakuwahi kupiga meza kwa namna ile, na mkono wenyewe ulionekana kushangaa. Aliushusha pajani. "Usifananishe," alirudia kwa sauti ndogo. "Mimi nilipoteza kitu. Wewe ulikificha."

Mama Mapacha alianza kuokota pini moja moja.

"Unakumbuka siku tuliyomzika mama?"

"Nakumbuka."

"Nilimwimbia kaburini. Peke yangu, bila kinanda. Wewe ulikuwa na kile kiredio chako kidogo cha kurekodia, ukanirekodi. Jioni watu wameondoka, nimevua viatu, sijala tangu jana yake. Ukaja, ukaketi karibu nami. Nikajua unakuja kunishika mkono. Ukabonyeza kile kidude, ukanisikilizisha, ukasema, 'Unasikia? Umeanza kwenye D, umemalizia kwenye C. Umeshuka hatua nzima bila kujua.' Ukatabasamu. Ulikuwa umefurahi, kama mtu aliyeokota kitu."

Mapigo aliitafuta siku ile kichwani. Aliikuta. Viatu vilikuwa vyeusi, vimepangwa ukutani. Alikumbuka hata kwamba ile kanda ilikuwa ya dakika sitini. Na neno la kwanza lililomtoka, kabla hajalizuia, lilikuwa hili:

"Lakini ulishuka kweli."

Mkewe aliacha kuokota. Hakukasirika. Alimtazama kama mtu anayetazama mlima aliokwisha kuukwea mara nyingi.

"Hilo ndilo," alisema. "Hilo hapo. Najua nilishuka. Nilikuwa nimetoka kumfukia mama."

Nje mtu alikuwa anafungua geti la chuma, na kwa mara ya kwanza Mapigo hakutaka kujua limelia kwenye noti gani.

"Ungeniambia," alisema hatimaye. "Ungenitukana. Ungenirushia hicho kikombe cha tangawizi usoni. Ningepona. Wewe ukachagua kunifanya mjinga, ukawaita na watoto wangu waje watazame."

"Ndiyo," alijibu mkewe. "Hilo nimekukosea. Sitalipamba. Mwanzoni niliogopa, baadaye nikazoea, na mwisho nikanogewa. Kulikuwa na mahali pamoja duniani ambapo hakuna aliyenisikia kwa masikio yako."

"Ukiwa pale, unaniwaza?"

"Hapana. Ndiyo maana nakwenda."

Hilo lilimwingia kuliko yote. Alisimama, akachukua mto na shuka, akahamia sebuleni, na kwenye kochi la huko akalala wiki sita.

Mapacha walipiga simu, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza alilia. Wa pili, yule mhasibu, alijitetea: "Baba, mama alituomba. Ungekuwa wewe umetuomba, tungekutunzia siri hata wewe." Mapigo alijibu kwamba yeye hakuwahi kuwaomba wamdanganye mama yao, akakata simu, halafu akakaa na simu mkononi akijutia kukata.

Kuhusu rekodi ile, aliimaliza kama kazi inavyotaka. Mwendo aliandika hamsini na nane. Ufunguo aliandika D maina, vyombo vimefungwa chini kwa mtindo wa kale. Mstari wa hali aliuacha wazi. Fundi Mitambo alipoona akashtuka, maana haijawahi kutokea.

"Baba, umesahau hapa."

"Sijasahau. Huyo ni mke wangu."

Fundi Mitambo alifungua kinywa, akakumbuka maneno aliyoyasema siku ile, akakifunga. Kwa mara ya kwanza alitoka maktaba bila kucheka. Ndiye aliyeujaza mstari ule kwa mkono wake, akaandika "toba". Mapigo aliposoma alitaka kuuliza ni toba ya nani, akaona haina haja.

Jumapili alasiri wimbo ulipopigwa redioni, yeye alikuwa nje anatembea. Alidhani ameukimbia. Lakini fundi saa mmoja barabarani alikuwa amefungulia redio kibandani, na sauti ya mkewe ikamkuta katikati ya lami. Alisimama akausikiliza wote, watu wakimpita. Alijikuta anatafuta mahali aliposhuka. Hakushuka popote. Aligundua kwamba angefurahi kumkuta ameshuka, hata mara moja tu, na akaona haya, peke yake, juani.

Baada ya wiki sita alirudi chumbani, kwa sababu kochi lilimharibu mgongo, safari hii kweli. Mkewe alimsugulia dawa. Hawakupatana siku moja kama watu wa kwenye mchezo wa redio. Kuna siku walikula wakizungumza, na kuna siku alimsikia akivuta ile pumzi ya mara mbili juu ya sindano, akasukuma sahani kando. Kwa mabinti alilainika kabla ya mwaka kuisha. Aliyechelewa kusamehewa ni dada yake. Alikuja mara tatu, na mara zote tatu Mapigo alimwandalia kiti, akamkaribisha chai, akamjibu kila swali kwa adabu kama mgeni wa serikali, mpaka dada mwenyewe akaona bora angetukanwa.

"Kwa nini mimi?" alimuuliza mara ya tatu. "Wifi umemsamehe."

"Yeye nilimkosea," alisema Mapigo. "Wewe nilikubeba."

Dada alisema kwamba ataendelea kuja. Mapigo akasema mlango haujafungwa.

Mama Mapacha hakupima tena madirisha siku ya Jumanne. Alitoka mchana kweupe na faili la noti kwapani, bila utepe. Akirudi alisimulia kilichotokea huko, kidogo kidogo, kama mtu anayemwonjesha mgonjwa uji. Mara nani amepiga chafya katikati ya amina, mara mwalimu amekasirika na kuvunja kalamu. Mapigo alisikiliza. Siku moja alicheka, na alipomaliza kucheka akakumbuka, uso ukamporomoka. Mkewe aliona, akaenda kupakua chakula.

Alimwalika kwenye onyesho la mwisho wa mwaka. "Mstari wowote," alisema. "Hata nyuma kabisa."

"Bado," alisema Mapigo.

"Sikulazimishi."

Lakini Jumanne iliyofuata mkewe alipokuwa anavaa viatu, alimkuta mumewe mlangoni, ameshavaa vyake. Mapigo alichukua faili kutoka kwapani mwa mkewe bila kuomba. Walitembea pamoja, si haraka, wakazungumza kuhusu bei ya rangi na paa la jirani. Walipofika kwenye kona, pale ukumbi unapoanza kuonekana, Mapigo alimrudishia faili.

"Mpaka hapa," alisema.

"Mpaka hapa," aliitikia mkewe.

Alisimama mpaka akamwona ameingia na mlango umefungwa, kisha akageuka kurudi nyumbani. Tangu hapo akawa anamsindikiza kila wiki, mvua au jua, na hakuvuka ile kona.